Shawa ya Vuguvugu: Jinsi ya Kutafuta Chanzo na Kukiondoa

Shawa inayotoa maji ya vuguvugu badala ya moto huwa na kasoro moja kati ya tatu: kifaa cha kupashia kinatoa joto dogo kuliko kawaida yake, au maji yanayopita ni mengi kuliko uwezo wa kifaa hicho, au maji yaliyokwisha kupata moto yanakutana na ya baridi njiani. Kwa anayeoga, kasoro hizi zote ni kitu kimoja. Kwa anayetengeneza, kila moja ina tiba yake, na moja ikidhaniwa kuwa nyingine, fedha huishia kwenye vipuri ambavyo havikuhitajika. Ndiyo maana kupima hutangulia kufungua, na kufungua hutangulia kununua.

Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zenye maji moto zina mojawapo ya mitambo mitatu: shawa ya umeme inayopasha maji yakiwa yanapita ndani ya kichwa chake, hita ya tangi, au mtambo wa jua juu ya paa. Shawa ya umeme ina sehemu nyingi zaidi zinazoweza kuleta uvuguvugu, kwa hiyo ndiyo inayoelezwa hapa kwa kirefu. Hita ya tangi, mtambo wa jua na koki za kuchanganyia maji zinafuata.

Hesabu ya joto

Shawa ya umeme haina akiba ya maji moto. Joto lote hupatikana katika sekunde chache ambazo maji yanapita kwenye koili, yaani waya wa kupashia, na kiasi cha joto hilo kina kikomo. Kanuni yake ni fupi: kilowati za shawa huzidishwa kwa 14.3, kisha jibu hugawanywa kwa lita zinazotoka kwa dakika. Kinachopatikana ni idadi ya nyuzi za Selsiasi ambazo maji yanaongezeka kutoka yalipoingia hadi yanapotoka.

Shawa ya kilowati 5.5, ambayo ni ya kawaida madukani, ikipitisha lita 3 kwa dakika huongeza nyuzi 26. Ikipitisha lita 5 huongeza nyuzi 16 hivi, na ikipitisha lita 8 haifikishi nyuzi 10. Shawa ni ileile, umeme ni uleule; kilichobadilika ni koki tu.

Jambo la pili katika hesabu hii ni baridi ya maji yanayoingia. Watu wengi huridhika na maji ya kuoga yenye nyuzi 38 hadi 42. Dar es Salaam au Mombasa, maji ya tangi la juu mara nyingi huwa na nyuzi 27 au zaidi hata kabla ya kupashwa. Kuyafikisha 40 kunahitaji nyongeza ya nyuzi 13, na shawa ya kilowati 5.5 inaweza kufanya hivyo ikitoa lita 6 kwa dakika. Njombe, Mbeya, Limuru au Nairobi katika miezi ya Juni na Julai, maji ya alfajiri yanaweza kushuka hadi karibu na nyuzi 15. Hapo nyongeza inayotakiwa ni nyuzi 25, na shawa hiyohiyo haiwezi kuzidi lita 3 kwa dakika na kitu kidogo. Shawa iliyokuwa moto Februari na kuwa vuguvugu Julai huenda haijaharibika kabisa. Kinachotakiwa ni kupunguza maji.

Vipimo vitatu kabla ya kushika bisibisi

Kipimo cha kwanza ni cha maji. Ndoo ya lita 10 huwekwa chini ya shawa, koki hufunguliwa kama inavyofunguliwa siku zote, na saa ya simu huhesabu muda hadi ndoo ijae. Ndoo ikijaa kwa dakika 2, shawa inatoa lita 5 kwa dakika. Ikijaa kwa dakika 3 na sekunde 20, inatoa lita 3.

Kipimo cha pili ni cha joto. Kipimajoto cha jikoni hutosha. Maji hupimwa kwanza shawa ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa kwa dakika moja hivi. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo nyongeza halisi. Nyongeza hiyo hulinganishwa na ile ya kanuni iliyotajwa juu. Zikikaribiana, shawa ni nzima na inafanya yote inayoweza. Nyongeza halisi ikiwa ndogo sana kuliko ya kanuni, basi kilowati zilizoandikwa kwenye shawa haziyafikii maji.

Kipimo cha tatu hutumia mita ya umeme ya nyumba, iwe ya LUKU au nyingine yoyote inayoonyesha yuniti pamoja na desimali. Vifaa vingine vyote huzimwa: friji, pasi, televisheni, pampu na taa. Yuniti husomwa na kuandikwa, shawa huwashwa kwa dakika 6 kamili, kisha yuniti husomwa tena. Dakika 6 ni sehemu ya kumi ya saa, kwa hiyo yuniti zilizotumika zikizidishwa kwa 10 hutoa kilowati ambazo shawa inavuta kweli. Shawa ya kilowati 5.5 inapaswa kula yuniti 0.55. Ikila 0.37, theluthi moja ya nguvu yake haipo. Ikila 0.25 au chini, huenda swichi ya joto iko kwenye nafasi ya chini, au sehemu ya koili imekatika. Maji yanayotoka wakati wa kipimo hukingwa kwenye ndoo kwa ajili ya kufulia au kudekia.

Vipimo vitatu hivi hutenganisha kasoro bila kufungua parafujo hata moja. Umeme ukiwa kamili na maji yakiwa mengi, tatizo ni wingi wa maji. Umeme ukiwa pungufu, tatizo liko kwenye nyaya, swichi, koili au umeme mdogo wa mtaani. Umeme ukiwa kamili na maji yakiwa machache, lakini bado ni vuguvugu, maji yanayoingia ni ya baridi kuliko uwezo wa shawa.

Usalama

Shawa ya umeme huweka umeme na maji mahali pamoja, juu ya kichwa cha mtu aliye peku na aliyelowa. Kabla ya kifuniko chochote kufunguliwa, umeme huzimwa kwenye breka, na si kwenye swichi ya ukutani peke yake. Swichi yenye kukata waya mmoja tu inaweza kuacha umeme ndani ya shawa kama fundi aliyeifunga aligeuza nyaya. Baada ya kuzima, testa huguswa kwenye kila waya, kisha hujaribiwa tena mahali penye umeme ili kuhakikisha kwamba yenyewe haijafa.

Waya wa ethi, ule wa kijani au wa kijani na njano, unapaswa kuwa umeungwa na ethi ya nyumba. Kuukata kwa sababu shawa "inafanya kazi bila huo" ni kuondoa kinga ya uhai. Nyumba inayotumia shawa ya umeme inahitaji pia breka ya RCD ya miliampia 30, ile inayokata umeme mara tu unapovuja. Shawa inayotekenya mkono, hata kidogo, huzimwa na haitumiwi tena mpaka ikaguliwe na fundi umeme.

Shawa ya umeme: kasoro moja baada ya nyingine

*Maji mengi.* Hili ndilo la kuangaliwa kwanza kwa kuwa tiba yake ni ya bure. Koki ya shawa hupunguzwa kidogo kidogo, na kati ya hatua moja na nyingine husubiriwa sekunde 20 ili joto litulie. Nyumba yenye pampu ya kuongeza presha, au inayopata maji moja kwa moja kutoka bomba la mtaa lenye nguvu, huhitaji kuachiwa koki nusu au robo. Shawa nyingi huuzwa pamoja na kipande kidogo cha plastiki chenye tundu jembamba, ambacho huwekwa mahali bomba linapoingia kwenye kichwa ili kupunguza maji. Mafundi wengi hukiacha ndani ya boksi. Penye presha kubwa, kipande hicho peke yake kinaweza kumaliza tatizo.

*Swichi ya joto.* Shawa nyingi zina nafasi tatu au nne: baridi, vuguvugu, moto na moto zaidi. Mtoto, mgeni au mtu anayepangusa vumbi anaweza kuisogeza bila kujua. Katika shawa zenye swichi ya kusogeza, nafasi hubadilishwa koki ikiwa imefungwa. Kuibadilisha maji yakiwa yanatoka husababisha cheche ndani, na cheche hizo hula ncha za swichi mpaka nafasi ya moto isiguse tena vizuri.

*Presha ndogo.* Ndani ya kichwa cha shawa kuna kiwambo cha raba. Maji yakiingia kwa nguvu ya kutosha hukisukuma, nacho hukutanisha ncha za umeme. Koki ikifungwa, kiwambo hurudi na umeme hukatika. Anayesimama karibu husikia mlio mdogo wa "tik" na huona taa zikififia kidogo. Presha ikiwa chini ya kiwango, ncha hazikutani, au hukutana na kuachana, na maji hutoka moto, baridi, kisha moto tena. Anayeoga huyahisi kama vuguvugu lisilotulia.

Presha ya maji ya tangi hutokana na kimo chake. Kila mita moja kutoka usawa wa maji ndani ya tangi hadi kichwa cha shawa hutoa kilopaskali 10 hivi, na shawa nyingi huhitaji angalau kiasi hicho ili ziwake. Simtanki lililowekwa juu ya paa la nyumba ya chini, mita moja tu juu ya shawa, liko mpakani. Dalili yake ni wazi: shawa huwaka tangi likijaa, na hugoma maji yakifika nusu. Tiba ni kuinua tangi kwenye mnara mrefu zaidi, kuondoa kile kipande cha kupunguza maji, kusafisha chujio la kuingilia, au kupunguza kona za bomba la nusu inchi. Pampu ndogo ya kuongeza presha ni suluhisho la mwisho, na baada ya kuifunga kipimo cha ndoo hurudiwa, kwa maana inaweza kuleta kasoro ya kwanza, yaani maji mengi.

*Matundu yaliyoziba.* Sahani ya kutolea maji hukusanya mchanga na chokaa. Maji yakitoka kwa nyuzi nyembamba zinazokwenda pembeni, sahani huzungushwa na kutolewa, hulowekwa kwenye siki nyeupe kwa saa moja, na husuguliwa kwa mswaki wa zamani. Chujio la waya kwenye mlango wa maji husafishwa kwa njia hiyohiyo. Baada ya kusafisha maji huongezeka, kwa hiyo koki hurekebishwa upya.

*Umeme mdogo.* Nguvu ya koili hufuata mraba wa volti, kwa hiyo volti zikipungua kidogo joto hupungua sana. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230 na Kenya ni volti 240. Shawa iliyotengenezwa kwa volti 230 ikipata 190 hutoa asilimia 68 tu ya nguvu yake. Ile ya kilowati 5.5 inakuwa ya 3.75. Nyumba iliyo mwisho wa laini, mbali na transfoma, huona jambo hili kati ya saa moja na saa tatu usiku, majirani wote wanapopika, kupiga pasi na kuwasha televisheni. Shawa iliyo moto saa kumi na moja alfajiri na vuguvugu saa mbili usiku inaonyesha umeme mdogo karibu bila shaka. Volti hupimwa kwa multimita kwenye soketi, shawa ikiwa imewashwa, katika saa zote mbili. Kasoro hiyo si ya shawa, na kununua kubwa zaidi huongeza mzigo kwenye laini iliyokwisha kulemewa. Hatua inayofaa ni kutoa taarifa kwa shirika la umeme, na wakati huohuo kuoga kwa maji machache.

Maandishi kwenye shawa yenyewe pia huangaliwa. Shawa ya wati 5,500 kwa volti 240 ikitumiwa kwenye volti 230 hutoa wati 5,050 hivi, hata kama haina kasoro yoyote.

*Nyaya na viungio.* Kilowati 5.5 kwa volti 230 ni ampia 24. Mzigo huo unahitaji laini yake peke yake kutoka kwenye breka, kwa kawaida ya ampia 32, na kebo ya milimita 4 za mraba kwenda juu. Milimita 6 ni bora kwa umbali mrefu. Mara nyingi shawa huungwa kwenye laini ya soketi ya milimita 2.5, au hata ya taa. Joto linalokosekana bafuni basi huwa limebaki ukutani. Kebo ya milimita 1.5 yenye urefu wa mita 20 hupoteza volti 11 hivi na kugeuza wati 270 kuwa joto ndani ya plasta. Upotevu huo hauelezi uvuguvugu wote, lakini unaeleza harufu ya plastiki inayoungua.

Kiungio kilicho nyuma ya shawa hufunguliwa umeme ukiwa umekatwa. Kiungio kizuri ni kisafi na parafujo zake zimekaza. Kibaya huwa na plastiki iliyogeuka kahawia, waya uliokakamaa na kuwa mweusi, au nyuzi za shaba zilizokatika moja moja. Waya ulioungua hukatwa mpaka shaba inayong'aa ionekane, kisha huungwa kwa konekta ya kauri, inayostahimili joto kuliko ya plastiki. Kufunga nyaya kwa kuzisokota na tepu hakufai kwa mzigo wa ampia 24.

*Koili.* Koili hupimwa kwa multimita kwenye omu, ikiwa imetenganishwa na nyaya. Koili nzima ya kilowati 5.5 kwa volti 230 husoma omu 9.6 hivi. Ikisoma mwisho wa kipimo, imekatika. Katika shawa zenye nafasi kadhaa, koili ina vipande zaidi ya kimoja. Kipande kimoja kikikatika, nafasi moja hutoa maji baridi na nyingine huendelea kutoa vuguvugu. Ikifunguliwa, sehemu iliyokatika mara nyingi huonekana kwa macho: mzunguko mmoja wa waya umekuwa mweusi na mwembamba, na ncha zake zimeachana.

Koili mpya hununuliwa kwa modeli, wati na volti zilezile. Wapo wanaounga koili iliyokatika kwa kuvuta ncha na kuzisokota pamoja. Waya ukifupishwa ukinzani hupungua, umeme unaovutwa huongezeka, na mzigo huo wa ziada huangukia kebo na breka. Koili mpya ikishafungwa, maji hupitishwa kwanza umeme ukiwa umezimwa, mpaka yatoke mfululizo bila hewa. Kuwasha umeme koili ikiwa kavu huiunguza kwa sekunde chache, na hiyo ndiyo sababu ya koili nyingi kufa siku ileile zilipofungwa.

*Maji ya chumvi.* Visima vya pwani, na vingi vya bara, hutoa maji yenye chumvi au magadi. Shawa za kawaida zina koili iliyo wazi ndani ya maji. Chumvi huila haraka, na maji ya namna hiyo hupitisha umeme kirahisi zaidi kuliko maji ya bomba, hivyo hatari ya mtekenyo huongezeka. Yapo matoleo ya maji ya chumvi, ambayo koili yake imefunikwa kwa bomba la chuma. Koili ya kawaida inayokufa kila baada ya miezi michache ni dalili kwamba toleo hilo ndilo lililotakiwa tangu mwanzo. Hata koili iliyofunikwa huota chokaa, na tabaka la chokaa huzuia joto kutoka. Husafishwa kwa siki mara moja moja kabla chokaa haijawa ngumu kama saruji.

Hita ya tangi

Kwenye hita ya tangi swali la kwanza ni lini uvuguvugu unaanza. Maji yakianza moto na kupoa upesi, akiba ni ndogo au inaharibiwa ndani ya tangi. Yakiwa vuguvugu tangu mwanzo, joto lenyewe halifiki, au kuna maji baridi yanayochanganyika.

Akiba huhesabika. Tangi la lita 50 lenye maji ya nyuzi 60, yakichanganywa na maji ya nyuzi 20 hadi kufikia 40, hutoa lita 100 za kuoga. Kwa shawa inayotoa lita 8 kwa dakika, hizo ni dakika 12 kwenye karatasi, na pungufu ya hapo bafuni, kwa sababu maji baridi huingia chini ya tangi huku ya moto yakitoka juu. Kulipasha tena tangi hilo kwa koili ya kilowati 1.5 huchukua zaidi ya saa moja na nusu. Familia ya watu watano wanaooga mfululizo asubuhi haina hita mbovu. Ina tangi dogo.

Akiba ikiwa inatosha na bado maji yanapoa upesi, mrija wa kuingizia maji baridi huangaliwa. Mrija huo hupeleka maji baridi hadi chini ya tangi. Ukivunjika juu, maji baridi humwagika karibu na mdomo wa kutolea ya moto na kutoka nayo pamoja. Matope na chokaa chini ya tangi pia hupunguza nafasi na kufunika koili. Tangi huondolewa maji kupitia koki ya chini mpaka yatoke meupe, baada ya umeme kukatwa na maji kuachwa yapoe.

Maji yakiwa vuguvugu tangu mwanzo, kirekebisha joto huangaliwa. Nyuzi 60 ni kiwango kizuri: bakteria wa Legionella hawastawi hapo, na akiba hutosha. Lakini maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, kwa hiyo penye watoto au wazee huhitajika koki ya kuchanganyia maji bafuni. Koili ya kilowati 1.5 hupimwa kama ile ya shawa. Inapaswa kusoma omu 35 hivi. Hita nyingi zina pia kitufe kidogo chini ya kifuniko kinachokata umeme joto likizidi. Kikiruka mara moja, hubonyezwa kirudi; kikiruka tena, kirekebisha joto kimeharibika na hubadilishwa.

Valvu ya usalama kwenye bomba la maji baridi haizibwi kamwe, hata ikidondosha matone. Matone hayo ni presha inayotoka wakati maji yanatanuka kwa joto. Hita iliyozibwa valvu inaweza kupasuka.

Mtambo wa jua

Mitambo ya jua imeenea kwenye majengo mapya, na nchini Kenya kanuni za mwaka 2012 zilichangia kwa kutaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yafungwe mitambo hiyo. Maji yake yakiwa vuguvugu siku ya mawingu, hakuna kasoro. Koili ya akiba ndani ya tangi ndiyo inayopaswa kuwashwa, na mara nyingi swichi yake husahaulika au breka yake huwa imeruka.

Maji yakiwa vuguvugu hata baada ya siku nzima ya jua kali, paa hukaguliwa. Vumbi la kiangazi huoshwa asubuhi kabla kioo hakijapata moto. Mwembe uliokua au ghorofa mpya ya jirani inaweza kutia kivuli saa ambazo jua ni kali. Mtambo wa mirija ya kioo huangaliwa ncha za chini za mirija: mrija mzima una doa linalong'aa kama fedha, na mrija ulioingiwa na hewa doa lake hugeuka jeupe. Mrija wa namna hiyo haushiki joto tena na hubadilishwa peke yake bila kugusa mingine. Kwenye mtambo wa sahani, hewa iliyonaswa ndani ya bomba husimamisha mzunguko wa maji. Sahani huwa moto sana huku tangi likiwa baridi. Hewa hutolewa kwa kufungua kiungio cha juu mpaka maji yatoke, na mteremko wa bomba hurekebishwa ili isikusanyike tena.

Maji yanayokuwa moto jioni na vuguvugu alfajiri hupoteza joto usiku, kwa sababu bomba la kutoka juu ya paa halikufunikwa sifongo au sifongo lake limeliwa na jua.

Maji baridi yanayovuka

Kwenye hita ya tangi na mtambo wa jua, maji moto na baridi hukutana ndani ya miksa, yaani koki ya kuchanganyia. Mpira wa ndani ukichakaa, maji baridi huvuka na kuingia kwenye bomba la maji moto. Miksa mbovu iliyo jikoni inaweza kuharibu joto la shawa ya ghorofani, kwa sababu mabomba yote yameungana.

Jaribio lake ni rahisi. Valvu ya maji baridi yanayoingia kwenye hita hufungwa, kisha upande wa maji moto wa koki yoyote hufunguliwa. Maji yakikoma baada ya muda mfupi, hakuna kuvuka. Yakiendelea kutoka, ni ya baridi yanayopita kwenye miksa fulani. Hapo kila miksa hufungiwa valvu zake za chini, moja baada ya nyingine. Ile ambayo maji hukoma ilipofungwa ndiyo yenye kasoro. Shawa ya mkono ambayo miksa yake huachwa wazi na maji kuzuiwa kwenye kitufe cha mpini huleta tatizo hilohilo bila kifaa chochote kuharibika.

Miksa zenye kurekebisha joto zenyewe huwa na kizuizi kwenye nyuzi 38. Mshale ukifika hapo husimama, na wengi hudhani ndio mwisho. Kitufe kidogo kilicho kwenye mpini hubonyezwa ili uzunguke zaidi.

Kutengeneza au kubadilisha

Koki, matundu, chujio, swichi na mpira wa miksa viko ndani ya uwezo wa mwenye nyumba mwenye spana na uangalifu. Kubadilisha koili kunawezekana kwa anayejua kukata umeme na kuuhakiki. Kebo, breka, ethi, pamoja na shawa yoyote inayotekenya au kunuka plastiki, ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Fundi akipewa namba tatu, yaani lita kwa dakika, nyongeza ya nyuzi na kilowati zilizosomwa kwenye mita, huanza kazi bila kubahatisha.

Kichwa cha shawa hubadilishwa chote pale kiwambo kinapovuja, plastiki ya ndani ilipoyeyuka, au ncha za umeme zilipoliwa kiasi cha kutoweza kusuguliwa. Kabla ya kununua kingine, kilowati huchaguliwa kwa kanuni ya mwanzo: nyongeza ya nyuzi inayotakiwa katika mwezi wa baridi zaidi huzidishwa kwa lita zinazotosha kuoga, na jibu hugawanywa kwa 14.3. Anayehitaji nyuzi 25 na lita 4 kwa dakika anahitaji kilowati 7. Hizo ni ampia 30 kwa volti 230, na kwa mzigo huo kebo na breka hukaguliwa kwanza, ndipo shawa inunuliwe.